Mashine Isiyopumulia Tumboni

Mlipoagana nami pale ukumbini mliniomba niwaandikie maelezo ya makabidhiano. Nimejaribu. Nimeeleza kabati la vipuri liko wapi, ufunguo wake unakwamia upande gani, na kwamba droo ya chini isivutwe kwa hasira. Ukajaa ukurasa mmoja. Mke wangu alikuwa pembeni anachambua choroko. Akauchukua, akausoma, akanirudishia.

"Miaka yote ile, ukurasa mmoja?" akasema. "Ndiyo maana hawakukupa cheo. Hata kujisifu hujui."

Basi nimekaa chini nijisifu. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe, maana mnalipwa huo huo. Nitaeleza ufundi, na hasa nitaeleza ilikuwaje shirika letu la ushauri wa kilimo likanunua hizi laptop mnazozitumia leo, ambazo mnazilalamikia kuwa ni nene na nzito kama tofali. Nimewasikia. Mlidhani nimesinzia pale kwenye kiti.

Kwanza mnielewe mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Majengo, nimesoma hapa hapa Dodoma hadi kidato cha nne, na matokeo yangu mama aliyafungia kwenye sanduku la vitenge ili yasione jua. Nimeoa mtaa wa pili. Kabla sijaajiriwa, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Chamwino kwenye harusi, na nikarudi kabla keki haijakatwa. Nilichagua ufundi kwa sababu ya uvivu wa miguu. Bwana shamba humfuata mkulima, dereva huifuata barabara, lakini fundi anakaa na kitu kibovu kinaletwa. Niliona hiyo ndiyo kazi yenye akili.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe la mikono mirefu. Fundi wa shirika wakati huo alikuwa Mzee Ndahani, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi kwa wino wa taipureta. Nikamwamkia. Aliitikia, akanikagua kuanzia kola hadi viatu.

"Umekuja kuoa au kufanya kazi?"

"Kufanya kazi, mzee."

"Basi hilo shati liage."

Kufika saa sita shati lilikuwa limeshaagwa. Mzee Ndahani alinipa taipureta moja niifungue. Alitandika gazeti mezani, akachora juu yake umbo la ile mashine kwa penseli, akaniambia kila skrubu nitakayoitoa niiweke kwenye mchoro mahali pale pale ilipotoka. Nikaona ni mambo ya watoto wa chekechea, nikawa narundika pembeni. Nilipomaliza kufunga, skrubu moja ikabaki. Nikaitia mfukoni. Mzee alikuwa amenipa mgongo, anakunywa chai. Bila kugeuka akanyoosha kiganja nyuma, akakiacha wazi. Nikaiweka hapo. Nikafungua upya. Mpaka nastaafu, mnajua, sikuwahi kufungua mashine bila gazeti na penseli, na mlikuwa mnanicheka.

Baada ya taipureta zikaja kompyuta za mezani, na Mzee Ndahani alikuwa karibu kuondoka laptop za kwanza zilipofika. Kamusi inaziita kompyuta mpakato, sisi tulisema laptop na tunaendelea kusema hivyo. Zilikuwa nene, nyeusi, hazina mvuto. Mzee aliichukua moja, akaigeuza chali, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi.

"Hii ina adabu," akasema. "Ukiigeuza inakuonyesha inapofunguliwa."

Ilikuwa kweli. Betri ilitoka kwa kusukuma kikomeo kwa kidole gumba. Memori ilikuwa na kimlango chake chenye skrubu moja. Diski ilichomoka ubavuni. Chini ya kibodi kulikuwa na vijitundu vya kupitishia maji, ili mtu akimwaga chai itoke chini isifike kwenye bodi. Nani aliwaambia waliozitengeneza kwamba ofisini kwetu watu wanakunywa chai juu ya kazi? Nadhani na kwao wanakunywa.

Msije mkadhani kwamba mimi naabudu unene. Unene huo huo uliwahi kuniaibisha. Shirika lilipotaka kuwapa laptop mabwana shamba na mabibi shamba wa vituoni, waliniuliza nichague diski, na mimi nikachagua zile zenye nafasi kubwa, kwa kuwa namba kubwa ilinifurahisha. Zilikuwa diski zinazozunguka, kama sahani ndani ya kasha. Bwana Elia, bwana shamba wetu wa Chamwino, akaniletea yake imekufa. Nikabadilisha diski. Baada ya muda akarudi. Nikabadilisha tena, nikalaumu umeme. Aliporudi tena ndipo nikakumbuka kuuliza.

"Bwana Elia, ukimaliza kazi unaizimaje?"

"Naifunga, Fundi."

"Kuifunga ndiyo kuizima?"

"Mlango ukiufunga, si umefunga?"

Alikuwa anabana kifuniko, anaitia mashine kwenye begi, anapanda bodaboda. Mle ndani ilikuwa bado inasinzia nusu, sahani inazunguka, huku pikipiki inaruka kwenye makorongo. Sindano inayosoma diski ilikuwa inakwangua kama kijiko kwenye sufuria. Kumbukumbu za ziara zake za msimu mzima zilipotea, na kosa lilikuwa langu mimi niliyechagua ghala kubwa lisilobebeka. Tangu hapo nikasema diski iwe ndogo lakini isiyo na kitu kinachozunguka. Bwana Elia mpaka leo anaifunga tu, na haijamfia.

Sasa tuje kwenye zile nyembamba.

Zililetwa na Bwana Kisanga, afisa ugavi wetu, mtu nadhifu, mwenye maneno, ambaye alikuwa akiniita Mzee wa Skrubu na mimi nikimwita Bwana Katalogi. Tulipendana kwa namna hiyo. Alizipanga mezani kama sahani za harusi. Mwili wa bati la rangi ya fedha, kioo kinachong'aa, wembamba wa daftari la kurasa themanini. Hata mimi nilitamani. Nikachukua moja nikaigeuza chali kama nilivyofundishwa. Ilikuwa na safu ya matundu ya hewa katikati ya tumbo, na skrubu za vichwa vya ajabu ambavyo bisibisi zangu zote zilivikataa.

Nilipofanikiwa kufungua niliona wembamba umetoka wapi. Memori ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi, haitoki. Betri ilikuwa imegundishwa kwa gundi. Kibodi ilikuwa imepigwa ribiti kwenye gamba la juu, yaani herufi moja ikifa unabadilisha nusu ya mashine. Tundu la chaji lilikuwa sehemu ya bodi yenyewe, ukilivunja umevunja moyo. Wala si ubaya. Aliyeitengeneza alipewa amri ya kuipunguza, akapunguza kila kilichokuwa kinanisaidia mimi. Aliyekusudiwa kuitumia ni mtu mwenye duka la kampuni mtaa wa pili. Mimi duka langu la karibu la vipuri vile lilikuwa halipo.

Zikagawiwa chache kwa majaribio, na mojawapo ikaenda Busi, kule Kondoa, kwa Bi Zaituni.

Bi Zaituni alikuwa bibi shamba wetu. Wakulima wa kule walikuwa wamemkatalia mbegu yake ya alizeti misimu miwili, wakimwambia wao walianza kulima kabla yeye hajaanza kutembea. Msimu wa tatu wakakubali. Kila mkulima alikuwa na jina lake, shamba lake, na tarehe yake ya kupanda ndani ya ile laptop, na Bi Zaituni alikuwa akiwafuatilia mmoja mmoja kama mama anayehesabu watoto kwenye basi.

Laptop ikafa. Betri ilivimba mpaka ikainua kibodi. Akaja nayo Dodoma kwa basi, akapewa ya pili. Ya pili ikaungua bodi. Akaja tena, akapewa ya tatu. Ya tatu ikaanza kujizima yenyewe mchana kweupe. Vituo vingine vilikuwa na malalamiko ya hapa na pale, lakini Busi ilikuwa makaburi.

Bwana Kisanga akamwandikia barua ya kujieleza. Nakala niliiona. Ilimtaka aeleze kwa nini asiondolewe kituoni na kuletwa makao makuu, masjala, kupanga mafaili, "mahali ambapo matunzo ya vifaa yanaweza kusimamiwa". Jibu la Bi Zaituni lilikuwa mistari mitatu: "Sijaiangusha. Sijaimwagia chochote. Sijamwazima mtu." Kamati ya ununuzi ilikuwa ikutane baada ya wiki mbili, na siku hiyo hiyo wangeamua mambo mawili: kununua zile nyembamba kwa vituo vyote, na kumwondoa Bi Zaituni Busi kabla mvua hazijaanza, yaani kabla ya kupanda.

Mama Mkurugenzi akaniita. Yeye ni bosi lakini kila akiniona ananiamkia, jambo linalonifanya nishindwe kumkatalia.

"Shikamoo, Fundi. Nenda Busi ukaangalie."

"Marahaba, Mama. Haiwezi kuletwa?"

"Imeletwa mara mbili. Safari hii wewe ndiye wa kuletwa."

Nikaenda. Mke wangu alinifungia chakula cha siku tatu kwa safari ya siku moja, akaniaga kama naenda kuhiji. Sitawachosha na njia. Nilifika nina vumbi hata ndani ya masikio.

Nilitarajia ofisi chafu. Nilikuwa hata nimeshaandika nusu ya ripoti kichwani: vumbi, kuku, watoto. Bi Zaituni akanifungulia mlango wa ofisi safi kuliko ukumbi wetu wa mikutano. Sakafu inang'aa. Mafaili yamesimama wima. Kiti cha mgeni kina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, hata kopo la kalamu lina kitambaa chake kidogo kama kofia. Na katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe kikubwa chenye maua ya manjano, ilikaa laptop. Kifuniko chake alikijalidi kwa nailoni, vile mnavyojalidi madaftari ya watoto.

"Karibu, Fundi," akasema. "Hiyo hapo. Nikiiangalia kwa jicho baya tu inazima."

"Iwashe tuione."

Akaiwasha, akafungua orodha ya wakulima wake. Tukasubiri, akanipa maji, tukaulizana habari za nyumbani. Feni ikaanza kulia, kwanza polepole, kisha kama mtu anayepanda kilima na gunia. Nikaweka kiganja ubavuni mwa mashine. Hakuna hewa inayotoka. Nikaweka upande wa pili. Hakuna. Nikaiinua kidogo kutoka kwenye kitambaa.

Feni ikashusha pumzi.

Nikairudisha, ikalia. Nikaiinua, ikatulia. Nikaigeuza. Vile vijiguu vyake vya mpira vilikuwa na kimo cha sarafu moja tu, na kitambaa cha Bi Zaituni kilikuwa kinene, kimefumwa kwa uzi mzuri, kikajaa pale chini kote. Matundu ya tumboni yalikuwa yamezibwa na nyuzi nyeupe zilizonyonywa ndani. Nilipoyafungua, feni ilikuwa imevaa sweta.

"Bi Zaituni, hiki kitambaa kipo hapa siku zote?"

"Siku zote. Nilikifuma laptop ya kwanza ilipokuja. Meza ni ya mbao chakavu, nikaona itaikwaruza." Akanitazama usoni. "Kwa nini unauliza?"

Nikamwonyesha. Niliinua, nikashusha. Hakuhitaji maelezo, ni mtu wa kuelewa upesi.

"Kumbe inavuta pumzi kwa chini?"

"Kwa tumbo."

"Na mimi nimeilaza kifudifudi kwenye godoro." Akakaa. "Kwa hiyo ni mimi niliyeziua."

"Umezitunza mpaka zikafa."

Sikukusudia kumuumiza, ni mdomo wangu tu, mnaujua. Lakini hakucheka. Alikitoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye droo.

"Basi andika hivyo, Fundi. Andika ni mimi. Sitaki useme umeme au vumbi ili kunisitiri, halafu wanunue nyingine hamsini, wakawape wengine, na wao waandikiwe barua. Ila naomba kitu kimoja: waniache mpaka tupande. Nikiondoka sasa, hawa wakulima hawatamsikiliza mwingine. Nimewabembeleza misimu miwili."

Hapo nilibanwa. Nikiandika ukweli, nimemfukuza Busi kwa mkono wangu. Nikiandika uongo, mashine zile zinanunuliwa na mimi nitazunguka mkoa mzima kuzizika. Njiani kurudi nilikuwa nafikiria hayo, na kwa mara ya kwanza sikuiona barabara ilivyo mbaya. Nilipofika Dodoma nikafanya jambo moja tu: nikapita vituo vya karibu na ofisi zetu wenyewe, chumba kwa chumba, nikatazama meza. Mhasibu: kitambaa. Masjala: kitambaa. Bwana Elia wa Chamwino: taulo, lakini ni kitambaa. Basi kama Bi Zaituni alikuwa mzembe, uzembe wake ulikuwa ndio ustaarabu wetu sote. Hatuweki kitu cha thamani juu ya meza tupu. Mgeni akikuta redio iko uchi atasema nyumba hii haina mwenyewe.

Siku ya kamati nikaenda na laptop mbili za kulinganisha: moja nyembamba ya Bwana Kisanga, na nyingine nene kidogo ya kiofisi niliyoiazima dukani Majengo. Nilipoingia ukumbini nikaiona meza ya kikao. Ilitandikwa kitambaa kizito cha mahameli ya kijani, kimening'inia hadi magotini. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa kwa kuwa rimoti haikuonekana. Nikaona yote hayo, nikanyamaza, nikachagua kiti cha mbali kabisa na mashine. Kunyamaza nako ni ufundi.

Bwana Kisanga alianza. Aliweka laptop yake nyembamba juu ya mahameli, akaiunganisha na projekta, akatuonyesha picha na video. Alisema vizuri, nami nakiri alisema kweli. Nyepesi: kweli, aliyepanda bodaboda ataishukuru. Chaji inakaa: kweli. Bati halipasuki kama plastiki: kweli. Alipomaliza akanigeukia.

"Mzee wa Skrubu, kanusha."

"Sikanushi hata moja," nikasema. "Ila kioo kinachong'aa, ukikaa nacho Busi mchana unajiona uso wako, hesabu huzioni. Na wembamba haukushuka kutoka mbinguni, kuna vitu vilitolewa. Aliyeitengeneza ametoa skrubu za betri, ametoa kimlango cha memori, amekata miguu, akahamisha pua kutoka ubavuni akaiweka tumboni."

"Na Busi umekuta nini?" akauliza Mama Mkurugenzi.

"Nimekuta kitambaa, Mama. Bi Zaituni anaiweka juu ya kitambaa cha kufuma, na kitambaa kinaziba pumzi. Amesema mwenyewe niandike hivyo, bila kumficha."

Bwana Kisanga akapiga meza kidogo, kwa furaha. "Mmesikia? Si mashine, ni matumizi! Mtu makini hawezi kuweka kifaa cha kisasa juu ya matandiko. Huo ndio uzembe niliouandika kwenye barua. Hata mtoto anajua mashine inahitaji hewa, na kwa hiyo napendekeza..."

Hatukujua anapendekeza nini. Feni ya laptop yake ilikuwa imeshaanza kulia tangu video ya pili, akawa anaipandishia sauti. Sasa ikapiga mluzi mmoja wa mwisho, ukuta ukawa mweupe, halafu ukawa wa buluu, yakabaki maandishi madogo ya projekta yanayosema hakuna kitu kilichounganishwa.

Mama Mkurugenzi alinitazama.

"Fundi, umeifanya nini?"

"Sijaigusa, Mama. Nimekaa huku makusudi."

Mama akanyoosha mkono, akaishika mashine chini, akaurudisha mkono haraka. Kisha akaishika ile mahameli kwa vidole viwili, akaipapasa.

"Kitambaa hiki nani alikitandika?"

Wote tulijua. Alikinunua yeye mwenyewe, na alikuwa ametusifia rangi.

"Ni mimi," akasema. "Kwa hiyo, Bwana Kisanga, mimi nami niandikiwe barua?"

Bwana Kisanga ni mtu mzima. Alikaa, akafuta jasho, akacheka kabla yetu. "Mama, tukianza na hiyo hatutamaliza. Hata nyumbani kwangu mke wangu ameivisha kitambaa."

"Ile barua ya Busi iko wapi?" Mama akauliza.

Akaitoa kwenye faili. Mama akaichana vipande vinne mbele yetu, akasema Bi Zaituni abaki alipo, na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba amesema ukweli ulipokuwa unamgharimu. Kisha akaomba ile nene ya Majengo iwekwe pale pale kwenye mahameli, iunganishwe na projekta, iendeshe video zile zile. Ikaendesha. Ilikuwa inatoa hewa moto ubavuni, mwenyekiti wa fedha aliyekaa upande huo akalalamika anachomwa kiwiko, na sijawahi kusikia lalamiko tamu vile.

Tukabishana vigezo mpaka chakula kikapoa. Sikushinda vyote. Nilitaka betri ya kikomeo kama za zamani, nikaambiwa hazitengenezwi tena, nikakubali ya kufungwa kwa skrubu za kawaida. Nilitaka kibodi yenye vitundu vya chai, nikapata. Kioo kisichong'aa, nikapata. Uzito nikaukubali kwa niaba yenu, samahani.

Katibu alikuwa anaandika. Alipofika kwenye hewa akakwama. "Kigezo hiki nikiandikeje? Kompyuta mpakato itakayo..."

"Hilo neno lenyewe tatizo," nikasema. "Mpakato ni ya kupakata. Ukiipakata, mapaja yameziba pua. Tangu jina lake tumeinyima pumzi."

"Fundi, sema unachotaka!"

"Isiyopumulia tumboni."

Mama Mkurugenzi akasema, "Andika hivyo hivyo." Na ikaandikwa, kwenye tangazo rasmi la zabuni, kigezo namba tano. Wiki nzima simu ya Bwana Kisanga haikupumzika. Wauzaji walikuwa wakiuliza, mashine ina tumbo? Na yeye, kwa sauti ya mtaalamu, alikuwa akiwaeleza matundu yanapaswa kuwa wapi, vijiguu viwe na kimo gani. Nilimsikia akimwambia mmoja, "Ndugu yangu, hiyo katalogi yako funga, igeuze mashine chali uniambie unaona nini." Nikatoka nje nikacheka.

Laptop mpya zilifika kabla ya mvua. Bi Zaituni alikuja kuchukua yake, nikamkalisha siku nzima na gazeti na penseli. Alichora mashine vizuri kuliko mimi. Aliifungua na kuifunga mara nne, na hakubakiza skrubu hata moja, jambo lililonichoma kidogo.

Alizeti ya Busi ilipandwa kwa wakati, na msimu uliofuata pia, na vijiji viwili vya jirani vikaomba kuingizwa kwenye orodha.

Wiki zangu za mwisho kazini, simu ikaita. Ni Bi Zaituni. Mkulima mmoja alikuwa amegonga meza kwa kiwiko akimwonyesha ukubwa wa kichwa cha alizeti, kikombe kikaanguka. Chai ilipita kwenye vitundu ikatoka chini kama ilivyoahidiwa, lakini sukari ilibaki, na herufi tano hazikubali. Nilikuwa nimeshamtumia kibodi ya akiba mapema. Nikaanza kuvaa viatu moyoni. Nilijiona kwenye basi.

"Usiguse kitu," nikamwambia. "Nitaangalia usafiri wa kesho. Nikija..."

"Uje kufanya nini, Fundi? Nimeshaibadilisha."

"Umeibadilisha? Ulitoa betri kwanza?"

"Kwanza kabisa."

"Na ule utepe mwembamba, ulikiinua kile kikomeo chake au uliuvuta?"

"Nilikiinua. Fundi, nilikupigia kukujulisha tu."

"Sasa hebu iwashe, uandike kila herufi moja moja, halafu uniambie kama..."

"Inafanya kazi, naandika majina ya watu hapa. Wamejipanga mpaka nje na mvua inakuja. Nitakupigia baadaye, sawa, mzee wangu?"

Akanikatia simu.